Aliyenifundisha Kuchuma Matufaha

Cheka ukitaka, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Johannesburg, nikiwa na akili zangu timamu.

Mwaka huo saluni niliyokuwa nasukia nywele ilifungwa. Nikahamia Rosettenville, kwenye karavani kuukuu nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mreno. Matairi haikuwa nayo tena, ilikalia matofali, na mvua ikinyesha ilivujia juu ya jiko. Nikajiandikisha mafunzo ya kuvuna matufaha, nje kidogo ya jiji. Watakaofaulu wangepelekwa Cape kufanya kazi msimu mzima.

Unadhani kuchuma tunda ni rahisi? Ukilivuta, kikonyo kinang'oka na tunda linaoza. Ukilibonyeza, linachubuka ndani. Msimamizi wetu, mzee wa Limpopo, alinishusha kwenye ngazi kila siku. "Dada, hivi hutafika popote," aliniambia. Jaribio la mwisho lilikuwa Jumatatu.

Basi jioni nikawa nafanya mazoezi kwenye mlimau wa yule bibi, kando ya karavani. Jua linazama, radi inanguruma kwa mbali, nikasikia Kiswahili cha kwetu Bujumbura nyuma yangu.

"Dada, unavuta. Usivute. Linyanyue, halafu pindua."

Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani. Nikadhani ni mpangaji wa jirani. Akasema anaitwa Odette. Akanishika mkono wa kulia, akakiweka kidole changu cha kati nyuma ya kikonyo. Niamini, mikono yake ilikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friji. Limau likaachia lenyewe.

Alikuja jioni tatu. Mvua ilipotukuta nikamwambia, "Karibu ndani, nipike chai." Akatikisa kichwa, akabaki amesimama kwenye mvua akiitazama karavani.

"Humo nimelala sana," alisema.

Mimi nikaona ni mzaha. Jioni ya tatu akaniuliza, "Ukifika huko kwenye matufaha, utanipitia? Nimechoka kulala mbali na watu wangu."

Nilikuwa na furaha kwamba mkono umeshika kazi. Nikajibu, "Ndiyo, dada, nitakupitia." Hata sikumuuliza ni wapi.

Jumatatu nilichuma mti mzima bila kuharibu tunda. Msimamizi akasogea, macho yake kwenye mkono wangu.

"Nani amekufundisha kuweka kidole hivyo?"

"Odette. Mrundi mwenzangu."

Eish, yule mzee alivua kofia.

"Odette alianguka kwenye ngazi msimu uliopita," alisema. "Tulimzika kule kule shambani, Cape. Hatukujua ndugu zake wako wapi. Ngazi nilikuwa nimeishika mimi."

Nilirudi nyumbani. Nikamuuliza bibi Mreno nani alipanga karavani kabla yangu. Akasema ni mwanamke kutoka Burundi, alikwenda kuvuna na hakurudi kuchukua vitu vyake. "Blanketi unalojifunika ni lake," akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya mkate.

Jina langu lilisomwa kati ya waliofaulu. Lori la kwenda Cape liliondoka bila mimi. Niliogopa, sifichi.

Sasa nakaa mtaa wa Observatory, jiji hili hili, na nimerudia kusuka. Lakini kila mwaka matufaha mapya yakianza kuuzwa kwenye marobot, zile taa za barabarani, vidole vya mkono huu vinakuwa baridi hadi chanuo linanidondoka. Wateja wanaruka nikigusa shingo zao. Daktari amepima, haoni kitu. Padri ameniombea mara mbili. Nauli ya kwenda Cape ninayo. Moyo wa kwenda kumpitia kaburini ndio sina.

Kwa hiyo nawe, mtu usiyemjua akikufundisha kazi bila kudai chochote, muulize kwanza analala wapi. Na kama huna hakika utaweza, usimwambie ndiyo. Mimi nilisema ndiyo, na Odette bado anangoja.