Mchoma Maroni na Kidole Gumba Chake

Jirani yangu wa kibanda cha pili, hapa kwenye soko la Krismasi la mji wa Colmar, huchoma maroni, zile kokwa za msimu wa baridi zenye ganda gumu. Kila kokwa huichanja msalaba kwa kisu kifupi, kisha huupapasa mkato kwa kidole gumba kabla ya kuitia kwenye kikaango. Huupapasa tena, foleni ikisubiri.

"Mama, unazichoma au unazifanyia upasuaji?" wateja humtania.

"Isiyochanjwa hulipuka," hujibu bila kuinua macho, "na mioyo ya watu siku hizi, tangu magaidi washambulie masoko, haistahimili kishindo."

Jumamosi nilipiga naye soga, nikamchekesha, kokwa moja ikampita bila kuchanjwa. Ikalipuka paa! Uwanja mzima ukalala chini. Kina mama wakawafunika watoto kwa makoti, na askari wa doria wakatuelekezea bunduki. Yeye peke yake alisimama, mikono juu, akipiga kelele: "Ni maroni! Ni maroni yangu tu!"

Watu walipoanza kuinuka, askari mmoja akamwambia taratibu, "Yamekwisha, mama. Shusha mikono."

Hakuweza. Nikaenda kuishusha mimi, mmoja baada ya mwingine, na kidole gumba chake kilikuwa bado kinapapasa hewani, kikiutafuta mkato.