Mzee Aliyefuta Majina

Maumivu ya mgongo yalinitoa kwenye kazi ya ghala huku Marekani, mjini Jeffersontown, nikaingia kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee wangu wa kwanza alikuwa Mcheki, akiishi peke yake mjini Shively. Ujanani aliajiriwa Praha, kwenye gazeti la kila siku la chama cha kikomunisti. Utawala wa chama hicho ulipoanguka, gazeti halikufa. Waandishi walilichukua, wakafupisha jina lake, wakaendelea na mrengo wa kushoto bila chama.

“Jumatatu tulirudi watu walewale, viti vilevile,” aliniambia kwa Kiingereza chake kizito. “Simu tu ndiyo haikulia.”

Hiyo ilikuwa simu ya kutoka chamani, ya kuwaambia nani asitajwe. Yeye ndiye aliyepitia kurasa na kuyafuta majina hayo.

Binti yake aliyeko Buffalo alikuwa akimtumia matoleo ya siku hizi ya gazeti hilohilo, akiyachapa kutoka mtandaoni. Kila mchana baada ya supu, mzee aliyasoma akiwa na kalamu nyekundu. Nilidhani anasahihisha makosa. Siku moja nikachungulia: alikuwa amekata majina ya watu tu, yote, kwa mistari iliyonyooka kama ya rula. Hata ya wacheza mpira.

Wiki iliyofuata nilikwenda kusaini karatasi ya zamu, ile tuliyoibandika kwenye friji. Jina langu lilikuwa limekatwa, siku zote tano.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Mama alinihadithia jinsi watu walivyofika kwetu na orodha, wakasoma jina la baba, wakamchukua. Kambini nako, jina lako likikosekana ubaoni, hupati unga. Sikujua hili la friji ni la upande gani, la kuniponya au la kuninyima.

“Mzee,” nikamwuliza, “mbona umenifuta?”

Akashusha sauti. “Wamepiga simu. Wanataka kujua nani anakuja hapa.”

“Akina nani?”

“Huwa hawajitaji.”

Simu ya nyumba ile ilikuwa imekatwa kabla sijaanza kazi. Nilijua hivyo, lakini niliinyanyua nikasikiliza. Kimya. Nikairudisha polepole, kama mtu asiyetaka kusikika.

Nilimpigia binti yake kwa simu yangu, nikamweleza. Hakushangaa. Nikamwuliza kama baba yake aliwahi kukutana tena na wale aliowafuta.

“Mmoja, aliyekuwa mwandishi mwenzake, alirudi gazetini baada ya mabadiliko,” akasema. “Walikaa meza zinazotazamana mpaka baba alipostaafu. Walisalimiana kila asubuhi. Basi.”

Mwezi huohuo binti alikuja kumchukua, aende akaishi naye Buffalo. Siku ya kuondoka, mzee alinipa mkono, akaniuliza kwa upole mimi ni nani. Nikamtajia jina langu lote.

“Usilitaje kwa sauti,” akasema, akitazama barabarani.

Barabarani hapakuwa na mtu. Nilimfunga mkanda wa gari, nikafunga mlango.