Bi Zeyana na Waume Wapenda Usingizi

Nguvumali nzima hakuna mwanamke aliyekuwa na waume wengi kama Bi Zeyana, na hata mmoja wao hakuwa amemaliza kidato cha nne. Waume wenyewe ni watoto wa mtaa. Bibi wa pwani humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na wa kike mke mwenzangu, na kwa kuwa wajukuu wa damu wa Bi Zeyana wanakulia Maskati na wazazi wao, yeye akaona haya ya nini, akaolewa na mtaa mzima.

Kazi aliyojipa katika ndoa hizo ilikuwa kuwaamsha. Shule ya sekondari ya pale ilitaka wanafunzi wawe wameshafika jua likiwa bado halijakaa sawa, wafagie uwanja, wamwagilie maua, wahesabu namba, ndipo waingie darasani. Basi Bi Zeyana akishasali alfajiri hujitanda kanga, hushika bakora ya marehemu mumewe na kupita dirisha kwa dirisha.

"Muntasir! Mume wangu! Umenioa ili unikoromee? Mume gani weye, jogoo keshachoka kuwika nawe hata jicho hujafungua!"

Akifika kwa kina Maha hubadilisha wimbo. "Mke mwenzangu, amka! Leo zamu yako kupika. Au wataka mume atuache sote?"

Ndani husikika mguno, kitanda kikalia, na mama wa nyumba akashusha pumzi kwa kuwa kaepushwa na vita. Kina mama walimsifu sana. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bi Zeyana alianza kutoka mapema zaidi, kisha mapema kuliko hapo, mpaka wengine wakawa wanaamshwa kabla mwadhini mwenyewe hajasafisha koo. Hata Uweso fundi baiskeli, asiye na mtoto wala daftari, alikuwa akiamshwa kila siku kwa sababu tu dirisha lake lilikuwa njiani.

Kuamka kwenyewe kulikuwa kwa miguu tu. Muntasir, kijana mrefu wa kidato cha tatu, aliwahi kufika getini na kiatu kimoja cha shule na kandambili moja. Wiki hiyohiyo mwalimu wa historia alimkuta kalaza kichwa mezani, akamgusa na kumwuliza ni nani waliowatesa watu wa pwani. Muntasir akajibu bila kufumbua macho, "Bi Zeyana." Darasa lilicheka mpaka mwalimu akatoka nje naye acheke peke yake.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu, Hosea, mtu wa milimani Amani mwenye sauti ndogo, alisimama akaeleza kwamba mtoto akishabalehe usingizi wake huchelewa kuja. Umlaze saa tatu, atakodolea dari macho hadi saa tano. Kisha anaamshwa usingizi ukiwa ndio kwanza umekolea, anakuja kuumalizia darasani. Kwa hiyo muhula huu shule itajaribu utaratibu mwingine: usafi utafanywa jioni, na namba zitahesabiwa saa mbili asubuhi.

Bi Zeyana alinyanyuka kabla hajapewa nafasi.

"Mwalimu, mie sina mtoto katika shule hii, lakini nusu yao ni waume zangu," alisema, na watu wakaanza kucheka. "Kila alfajiri mwadhini atwambia sala ni bora kuliko usingizi. Weye waja kutwambia usingizi ni bora kuliko shule?"

"Hapana, mama. Waamke wasali," alijibu Mwalimu Hosea. "Wakishasali warudi wajinyooshe. Sijapata kusikia mwadhini akimtoa mtu kitandani akafagie uwanja wa shule."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hakikuwa chake. Bi Zeyana akaongeza kwamba yeye umri ule, saa hizo, alikuwa keshachota maji na keshakuna nazi. Hakutaja kwamba marehemu mama yake ndiye aliyekuwa akimwinua kwa kata ya maji ya baridi usoni, na kwamba hata hivyo aliwahi kusinzia juu ya mbuzi ya kukunia. Mkutano ukakubaliana na mwalimu.

Jambo ambalo hakulisema mbele ya watu ni kwamba ile safari ya madirishani ndiyo iliyokuwa asubuhi yake nzima. Wanawe walipiga simu kila Ijumaa, wakauliza habari za magoti, wakaaga. Siku nyingine zote, akishamaliza mzunguko wake, nyumba ilinyamaza hadi kesho yake. Akinyang'anywa madirisha yale, ataongea na nani? Aliogopa, na alipoogopa alikuwa mkali.

Siku ya kwanza ya utaratibu mpya alitoka kama kawaida. Hajafika hata katikati ya jina la Muntasir, mlango ukafunguliwa, akatoka Nasra, mama wa kijana huyo, kanga kifuani na uso wa mtu anayeombea radhi jambo ambalo hajalisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mume wangu?"

"Kasali, karudi kulala. Namwomba umwache, mama. Tangu aanze sekondari sijamwona akilala akashiba."

Bi Zeyana aliitazama bakora, akamtazama Nasra, akageuka. Alirudi kwake akafunga mlango. Kesho yake hakutoka, wala keshokutwa. Nasra alimpelekea sahani ya mbaazi, akaambiwa kupitia tundu la ufunguo kwamba mwenye nyumba hana njaa. Mtaa ukaelewa: Bi Zeyana kasusa. Uweso peke yake ndiye aliyeshukuru Mungu, naye alishukuru kimoyomoyo.

Siku ziliendelea hivyo, mpaka asubuhi moja jua limeshapanda akasikia hodi. Alifungua kidogo. Nje walisimama Muntasir na Maha, na nyuma yao wanafunzi wengine wanne, sare zimepigwa pasi, nyuso zimeoshwa. Muntasir alikuwa kavaa kofia ya kiua ya babu yake, imemteremkia hadi nyusi.

"Shikamoo, bibi," wakaamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mwataka nini?"

Muntasir akakohoa kizee. "Leo sikuja kama mjukuu. Nimesikia mke wangu kasusa. Kwetu mke akisusa mume haji peke yake, huja na wazee kuomba suluhu. Wazee wangu hawa hapa. Kama n'na kosa, nitozwe faini."

"Nami mke mwenzio naomba urudi," alidakia Maha. "Mume huyu ana maneno mengi tangu aanze kulala vizuri. Peke yangu simuwezi. Njoo tugawane mzigo."

Bi Zeyana alifungua mlango wote. Miaka yote ile alikuwa akiwatania watoto hawa, na miaka yote hakuna aliyemrudishia kitu zaidi ya mguno. Alidhani ndio utani wenyewe. Kumbe alikuwa akitania watu waliolala! Alimwangalia Muntasir, akaona kwamba kijana ana macho ya kahawia mepesi, ya babu yake kabisa, na kwamba hakuwahi kuyaona asubuhi yakiwa wazi. Moyo ukamjaa, akacheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kanga bila kujificha.

"Faini yako, mume mwenye kofia ya kuazima," alisema alipopata pumzi, "ni kukaa chini unywe chai. Na hao wazee wako nao. Mume gani aja kusuluhisha na tumbo tupu?"

"Nilikuwa na mke wa kunipikia," alisema Muntasir, "lakini yeye kazi yake ilikuwa kupiga kelele dirishani."

"Na weye kazi yako ilikuwa kukoroma!"

"Nilikoroma ili nisikusikie, mke wangu."

Maha alicheka mpaka akakaa sakafuni. Bi Zeyana alipiga bakora chini kwa hasira ya uongo, akaenda kuinjika maji. Chai ya mchaichai ikaja, na mandazi yaliyobaki jana, wakayala yote. Walimweleza habari za shule, za mwalimu wa historia na lile jibu, na Bi Zeyana akataka lirudiwe mara ya pili.

Mwishowe Maha alichungulia saa ya mkononi, akaanza kukusanya vikombe. "Bibi, tutachelewa."

"Kaa, mke mwenzangu," alisema Bi Zeyana, akamshika mkono akamrudisha kwenye mkeka, akamwongezea chai. "Bado mapema."