Siku Iliyokuwa Haina Tukio

Kila asubuhi redio ya nyumbani kwetu hufika kwenye kipindi cha matukio ya siku kama hiyo zamani, na kila asubuhi mama mkubwa huizima kabla mtangazaji hajamaliza kumtawaza mfalme wa kwanza.

"Huyo mfalme alishawahi kukufulia shuka?" huniuliza. Kisha, mguu ukiwa juu ya cherehani, hutangaza yake: "Siku kama ya leo, baba yenu alipaka rangi mlango akiwa ndani, tukapita dirishani mpaka jioni."

Namuunga mkono kwa moyo wote. Vitabu vyetu vimejaa watu waliochoma miji ya wenzao. Aliyewashonea nguo walionusurika hatajwi hata kwa bahati mbaya. Hiyo si historia, ni dharau iliyopigwa chapa. Mama mkubwa amevisha mtaa mzima, amezika wazazi, amelea wanawe na sisi wa mdogo wake, na yote ameyapanga kichwani kwa tarehe. Tena siku zake huheshimiwa. Ikifika ile ambayo kiti cha mguu mfupi kilimwangusha mgeni, hakuna anayekikalia mpaka jua lizame.

Mwenye malalamiko ni baba mkubwa peke yake. Ni mwoka mikate, mtu wa watu, lakini katika kalenda ya mkewe hajawahi kushinda. Iko siku aliyounguza, siku aliyopotea, siku aliyoanguka.

"Mke wangu, kwani mimi sijawahi kufanya la maana?" alimuuliza leo tukinywa chai.

"Ulinioa."

"Na hiyo siku huitaji."

"Naitaja sana. Ndiyo siku uliyonikanyagia gauni."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini. "Leo je? Leo kuna nini?"

Mama mkubwa akatafuta kichwani, akakosa. "Leo hakuna kitu. Siku kama ya leo huwa tunaiva kwa joto, basi."

Uso wa mzee ukang'aa kama wa mtu aliyeona kiwanja kisicho na mwenyewe. "Leo natengeneza pangaboi," akasema.

Pangaboi la darini pale sebuleni lilikufa zamani, na mama mkubwa hakulilia. Aliyageuza mapanga yake kuwa vitundikio. Nguo ikishashonwa hupanda darini, haikunjiki, wala watoto hawaifikii. Wateja wetu wakiingia hutazama juu kwanza, ndipo wasalimie.

Baba mkubwa alisema ugonjwa uko kwenye swichi, na swichi iko koridoni. Akazima umeme wa nyumba nzima, akapiga magoti na bisibisi ya kuazima, jasho likimtiririka hadi kwenye visigino.

"Baba, ukipigwa shoti, mama atakuwa amepata tukio," binti yake, kitinda mimba, akamwambia.

"Nenda kanywe maji, mwanangu, joto limekupanda kichwani."

Huku sebuleni mama mkubwa alikuwa akimalizia gauni la bibi harusi. Alijua fika mumewe anatengeneza nini. Lakini mkono uliozoea hauombi ruhusa kichwani. Alikata uzi, akapanda stuli, akalitundika gauni kwenye panga moja, suruali ya mwalimu mkuu kwenye la pili, na blauzi mbili kwenye la tatu.

"Nawasha," sauti ikatoka koridoni.

"Washa," akajibu, mdomo umejaa pini.

Pangaboi lilianza taratibu, kama mzee anayeinuka kitini. Kisha likakumbuka ujana wake. Suruali ya mwalimu mkuu ikapiga teke saa ya ukutani, ikatoka dirishani bila kuaga. Blauzi zikaifuata, zikaishia mtaroni. Gauni la harusi likajaa upepo, likazunguka sebule nzima kama lenyewe ndilo linaloolewa.

"Zima," mama mkubwa akasema kutoka chini ya meza.

"Halizimiki. Nimeunga nyaya moja kwa moja."

Hapo bibi harusi akafika mlangoni. Akatazama juu, kama kawaida.

"Hodi. Lile si langu?"

"Ni lako, mwanangu," mama mkubwa akamjibu palepale chini ya meza. "Tunalinyoosha kwa upepo."

Bibi harusi akavuta kiti, akaketi, akalegeza kola. "Msilishushe kwanza," akasema. "Nje huko kunachoma."

Alipokwisha kupoa ndipo baba mkubwa akazima umeme wa nyumba. Gauni lilishuka likiwa limepungukiwa kifungo kimoja tu. Bibi harusi akaondoka nalo, na pangaboi likawashwa tena.

Jioni tuliketi wote chini yake. Baba mkubwa alimtazama mkewe kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu anayesafisha miwani.

"Siku kama ya leo," mama mkubwa akasema hatimaye, "baba yenu alituletea upepo."

Tukangoja. Kwa kawaida sentensi zake huwa na mkia, na miiba huwa mkiani.

"Basi?" baba mkubwa akauliza.

"Basi."

"Na suruali ya mwalimu mkuu? Bado iko juu ya paa la jirani."

"Utapanda lini kuichukua?"

"Kesho."

"Basi hiyo ni ya kesho."