Shangazi Hukamatwa Saa Moja Asubuhi

Kwa miaka ishirini na miwili shangazi yangu amesoma kipimo cha maji bwawani kila siku saa moja asubuhi. Hushuka ngazi za zege, akainama kwenye nguzo yenye alama za sentimita, kisha akaandika tarakimu kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Hajawahi kuacha mstari mtupu. Hata siku ya mazishi ya mumewe alisoma kwanza, ndipo akaja kulia.

Mwezi uliopita idara ya maji ilizungusha uzio na kubandika tangazo: atakayeingia bila kitambulisho kipya ni mvamizi. Vitambulisho vinatolewa ofisini. Ofisi iko ndani ya uzio.

Siku ya kwanza nilimsindikiza. Langoni tulimkuta mlinzi mgeni.

"Kitambulisho, mama."

"Ndicho ninachokifuata."

"Bila kitambulisho huingii."

"Sasa nitakipataje?"

"Ofisini."

Shangazi alinigeukia. "Wewe uliyesoma chuo kikuu, hebu nieleweshe."

Nikajificha kwenye kulisoma tangazo.

"Kijana," alimwambia mlinzi, "nimeanza kazi hii wewe hujaota hata meno. Saa moja inafika!"

"Nikakusomee mimi? Siruhusiwi kuacha lango."

"Hata ungeruhusiwa. Nisichokiona kwa macho yangu siandiki."

Zilibaki dakika saba. Alikuwa ameshika daftari kifuani. Nikafika kwenye maandishi madogo ya chini kabisa.

"Hapa wanasema," nilisema, "mvamizi akikamatwa, mlinzi ampeleke ofisini mara moja."

Shangazi akavusha mguu mmoja langoni. "Haya, nimevamia. Nikamate."

Mlinzi akakuna kichwa, akalisoma tangazo mwenyewe, akafunga lango kwa kufuli na kumkamata. Njia ya ofisini inapita kando ya kipimo. Saa moja kamili, mtuhumiwa aliinama akaandika: mita nne na sentimita sitini na mbili.

Ofisini walimjazia fomu ya onyo. Kuhusu kitambulisho, aje kesho, mashine haina wino.

Mpaka leo ameshakamatwa mara kumi na saba. Mlinzi humngoja langoni: "Mama, leo umechelewa, twende nikukamate!" Daftari bado halina mstari mtupu.

"Wino wa kitambulisho hawana," husema shangazi akivua viatu mlangoni kwetu, "ila fomu za kunionya haziishi!"