Mizizi ya Nondo

Niliwahi kuambiwa, nikaamini kwa moyo wote, kwamba nondo, yaani chuma kinachofunikwa na zege, ikiwa karibu na maji ya chumvi huota mizizi kama mkoko. Ufa wa kahawia kwenye nguzo, eti, ndio mzizi unaotafuta pa kushika. Nami ni msomi: nimesoma jioni hapa Kibiti mpaka macho yakawa mekundu kama pilipili, nikapewa cheti cha ujenzi.

Mwezi uliopita nilitangulia Mbwera, kule deltani kwenye maji ya chumvi, kukagua zahanati, mhandisi wangu akangoja boti ya baadaye. Katika wodi ya wazazi nguzo moja ilikuwa imepasuka toka juu hadi chini.

"Fundi, hii si ya kuogopa?" muuguzi akaniuliza. "Nina wazazi humu na vichanga vyao."

"Dada, hii ndiyo mama wa nguzo zote. Inaweza kubeba mji mzima wa Ikwiriri na mabasi yake."

Nikaitia alama ya vema kwa chaki, kisha nikamsaidia kusogeza vitanda karibu nayo.

Mhandisi alipofika aliiona ile alama, akagusa ufa kwa kidole. Kipande cha zege kikaanguka sakafuni, hatua moja tu kutoka kwa kichanga kilicholala. Nondo ndani ilikuwa unga mwekundu.

"Nani kaipitisha hii?"

Nikasema ni mimi, nikaeleza habari ya mizizi mbele ya wazazi wote. Hakuna aliyecheka.

"Kaka, nondo haina mizizi. Hii ni kutu. Kutu huvimba, ikapasua zege. Shika kitanda upande huo, tuwatoe."