Epifania wa Kagerankanda, Mwalimu wa Kutazama

Epifania Manirambona alizaliwa Kagerankanda, wilayani Kasulu, tarehe 6 Januari 1979, siku ya Tokeo la Bwana, iitwayo pia Epifania, na ndiyo maana padre hakuhangaika kumtafutia jina. Baba yake, Evaristi, alikuwa amevuka mpaka akikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, kijana mwenye mikono mitupu, akapewa na wenyeji kipande cha shamba. Mama yake alifinyanga vyungu. Wanaomkumbuka Epifania utotoni husema hakuwa mtoto wa maono wala wa sala ndefu. Alikuwa mtoto wa kuchelewa. Akitumwa maji alikawia, akitumwa kuni alikawia zaidi, na akiulizwa alikuwa wapi, alijibu kwa ukweli mtupu kwamba alikuwa akitazama: siafu wakivuka njia, au ukungu ukipanda kutoka bondeni, au mahali udongo mwekundu unapokoma na wa kijivu unapoanza. Alichapwa kwa ajili hiyo. Alipokwisha kulia, alirudi kutazama.

Mwaka 1998 aliingia katika nyumba ya watawa akiwa na nia thabiti ya kubaki humo mpaka kufa. Alipewa kazi ya kutarizi vitambaa vya altare. Mfano aliowekewa mbele ulikuwa wa mayungiyungi, naye akauliza kama kuna sista yeyote aliyewahi kuliona yungiyungi kwa macho yake. Hakuna aliyewahi. Basi akatarizi maua ya maharage, meupe na ya zambarau, yaliyokuwa yamejaa nje ya dirisha, akayatarizi kwa uangalifu hivi kwamba padre, akiwa katikati ya Misa, alisita kidogo akayaangalia. Mama Mkuu alimwita. Hakumkemea. "Mwanangu," alimwambia, "kengele ikilia, wenzako wanakwenda kusali. Wewe unakwenda kuona imefungwaje. Mungu amekuita, sina shaka, ila hajakuita hapa. Nenda ukafundishe watoto." Epifania alilia njia nzima ya kurudi Kagerankanda, maana alidhani amekataliwa. Baadaye sana ndipo alipozoea kusema kwamba siku ile alipewa utume wake.

Alisomea ualimu Kasulu, na mwaka 2003 akapangiwa shule ya msingi iliyo pembezoni mwa mji wa Kibondo. Somo la kuchora lilikuwa la kupitisha muda tu. Mwalimu alichora kikombe ubaoni, watoto wakakinakili, na vikombe vya darasa zima vikafanana, kila kimoja kikiwa na kosa lilelile la mwalimu. Epifania alifuta ubao, akamleta kuku darasani. Goti lake linakunjika upande gani? Vidole vimepangwaje? Watoto walikuwa wameishi na kuku tangu kuzaliwa, na hakuna aliyejua. Wakabishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Rangi hazikuwapo, akawapeleka kuzitafuta: udongo mwekundu na wa njano kwenye kingo za barabara, mweupe bondeni, na masizi meusi jikoni kwa mama zao. Brashi ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha. Ubunifu nao aliuanzia kwenye viganja vyao, vilivyokuwa na alama za kubeba madumu ya maji. "Nani kasema kishikio cha dumu lazima kikate mkono?" aliuliza. Wakatengeneza vishikio vya raba ya kandambili chakavu vilivyozungushiwa kamba ya mgomba, na hata leo utaviona kisimani. Aliamini kwamba kuuliza kitu kinamuumiza nani ni namna mojawapo ya kusali.

Jaribu lake kubwa lilimpata mwaka 2014. Alipotaka darasa la tano lianze kuchora sura za watu, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Nurudini, mwenye duka la vitambaa mjini na Mwislamu mcha Mungu, alimjia kwa heshima akamwomba binti yake Yasmini asichore viumbe wenye roho. Epifania aliahidi. Lakini siku ya kuchorana, watoto wakiwa wawili wawili, Yasmini alichukua mkaa akamchora jirani yake wa dawati, Claudine. Epifania alimwona. Angeweza kumpa kazi nyingine, na alijua kwamba alipaswa kumpa. Ila mstari ule ulikuwa ukienda vizuri mno, naye akashindwa kuukatiza. Hatufichi jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Wiki ileile, mvua za masika zikiwa zimekolea, Claudine alishikwa na homa kali, akafariki dunia kabla hajafikishwa hospitali.

Maneno yakaanza: kwamba mwalimu anawatoa watoto vivuli na kuvifungia katika karatasi, na kwamba Claudine alichorwa, naye amekufa. Kina mama waliwavuta watoto wao upande wa pili wa njia walipomwona. Hatimaye ukaitwa mkutano shuleni. Watu walijaa mpaka madirishani, na Jeanne, mama yake Claudine, aliketi mbele akiwa amejifunika khanga ya msiba.

"Picha ichomwe," watu walisema. "Ichomwe hapa hapa, tuone."

Mwalimu mkuu, mtu mwenye hofu nyingi, alikwisha kutoa kiberiti mfukoni. Mzee Nurudini akainua mkono. "Mwalimu, nani aliichora?"

"Kazi yote ya darasa langu ni yangu," Epifania alijibu.

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza nani aliichora."

Epifania alijua kwamba akilitaja jina la Yasmini yeye atapona, na mtoto atabeba mzigo ambao hautamtoka maisha yake yote. Walimpigia kelele, mmoja akamwita mchawi waziwazi, naye hakulitaja. Kisha akamgeukia Jeanne, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Mama Claudine, wewe umeiona?"

Watu walitazamana. Walikuwa wameizungumza picha ile sokoni, kisimani na kanisani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona.

"Sijaiona," Jeanne alisema. "Nionesheni kwanza. Mkitaka kuchoma, mtachoma baadaye."

Epifania aliikunjua, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. Jeanne aliitazama muda mrefu. Akasogeza uso, akanyoosha kidole bila kugusa karatasi. "Ni umwana wanje," alisema kwa Kirundi. "Ni mwanangu. Huu msuko ulifunguka asubuhi ile. Nilimwita nimsuke upya, akanikimbia akicheka. Hivi hivi, kwa upande mmoja wa mdomo." Akawageukia watu. "Sina picha yake hata moja. Juzi tu nimemzika, na uso wake umeshaanza kunipotea, najilaza nautafuta siupati. Leo nimeupata, ninyi mmeleta kiberiti?"

Hapo Yasmini akasimama kutoka kati ya watoto. "Ni mimi, baba. Ni mimi niliyemchora."

Wote walimtazama Nurudini. Alijifuta jasho kwa kofia yake. "Nyumbani kwangu sura hazichorwi," alisema mwishowe, "na hilo halijabadilika. Lakini mtoto huyu amekufa kwa homa, na msiba ni wa mama yake. Mpeni kitu chake." Mwalimu mkuu akarudisha kiberiti mfukoni.

Kesho yake Epifania alikwenda dukani kwa Nurudini. "Mzee wangu, nilikuahidi, nikakuvunjia ahadi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu. Umemficha mwanangu ukatukanwa wewe. Ila sasa niambie, nifanye nini naye? Mkono wa kuchora anao."

Lakini Epifania, ambaye hata katika toba macho yake hayakutulia, alikuwa ameshaanza kuzitazama rafu. "Mzee, hizi pindo za khanga, pale kwenye kona zinakutanaje?" Nurudini akaishusha moja ili amwoneshe, akashangaa kuona kwamba miaka yote ya biashara hakuwahi kuliangalia jambo hilo. Wakaishusha ya pili, na ya tatu. Adhuhuri iliwakuta na khanga zimetandazwa kaunta nzima, wateja wakiwa wamejiunga na ubishi. Ndivyo Yasmini alivyoingia katika nakshi, ambazo hazina sura ya kiumbe, na leo anabuni michoro ya vitenge jijini Dar es Salaam.

Tangu mwaka 2015, wakimbizi wapya walipofika kutoka Burundi, Epifania alitumia Jumamosi zake katika kambi moja wilayani Kibondo. Huko alikuwako binti mdogo aitwaye Ininahazwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu avuke mpaka. Alichora mlango tu, uleule, kila Jumamosi. Wengine walimuuliza kuna nini nyuma ya mlango, naye akageuza uso. Epifania alijikunja kando yake, akauangalia sana, akauliza: "Unafungukia ndani au nje?" Mtoto akafikiri. "Ndani," akasema. Sista muuguzi aliyekuwapo alipiga magoti palepale. Epifania hakupiga magoti, kwa sababu alikuwa na swali la pili, kuhusu bawaba.

Aliugua saratani mwaka 2021, akafariki Kasulu mwezi wa Agosti 2022. Muuguzi anashuhudia kwamba siku ya mwisho, baada ya kupokea Komunyo, Epifania alimuuliza kama rangi ya ukuta ule ni kijani au bluu. Muuguzi akajibu kijani. "Mimi naona zote mbili," alisema, akatabasamu, na hakusema tena.

Yapo mambo yanayosimuliwa tangu hapo, na Kanisa halijatamka lolote juu yake, wala sisi hatutaki kulitangulia. Tutaje moja tu, lililotokea mbele ya wengi. Katika matanga, Mzee Evaristi, baba yake, ambaye hakuwahi kushika kalamu na hakuwahi kuzungumzia aliowaacha ng'ambo mwaka 1972, aliomba kipande cha mkaa. Akainama, akachora sakafuni uso wa mwanamke mwenye paji pana na jicho moja dogo kuliko jingine. Wajukuu wakauliza ni nani. "Mama yangu," akasema. Ikawa mara ya kwanza watoto wa ukoo ule kumwona mama mzazi wa babu yao, na Evaristi akaketi kando ya uso ule akiwasimulia mpaka jua likachwa.

Ndugu waamini, si kila mmoja wetu anajua kuchora, na wala Mungu hatatudai tusichopewa. Lakini macho tumepewa. Tukitaka kumfuata Epifania, tuanzie mezani pa nyumba zetu jioni ya leo, tumtazame mmoja wa wale tunaodhani tunawajua, kana kwamba kesho tutaombwa kumchora. Mtoto wako akicheka, ni upande gani wa mdomo unaotangulia?